Viwanda vya bonde la Maurienne vilifuata nini milimani?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Katika somo la jiografia huwaeleza wanafunzi wangu kwamba kiwanda hujengwa karibu na bandari, malighafi au soko. Mmoja wao ameniuliza kwa nini, basi, Wafaransa walijenga viwanda vya alumini katika bonde la Maurienne, ndani kabisa ya milima ya Alps. Naomba ufafanuzi.
Mwalimu wa skuli, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Kanuni yako ni sahihi, ila katika kutengeneza alumini umeme nao ni malighafi, kwani kilo moja tu hula takriban yuniti 14 za umeme, sawa na hizi tunazonunua kwa mita zetu majumbani.

Mto Arc, unaoanzia karibu na mpaka wa Italia na kuingia katika mto Isère baada ya kilomita zaidi ya 120, si mto mkubwa. Thamani yake imo katika mteremko, kwa kuwa maji machache yakishushwa mamia ya mita ndani ya mabomba ya chuma huzungusha mitambo kwa nguvu nyingi. Paul Héroult alipogundua mwaka 1886 njia ya kupata alumini kwa umeme, umeme wenyewe ulikuwa bado haupelekwi mbali bila ya kupotea njiani, na ndiyo maana madini yalifuata maji. Yalipandishwa kwa reli, ambayo tangu 1871 ilikuwa imekwisha kuvuka hadi Italia kwa njia ya chini ya mlima Fréjus. Kiwanda cha La Praz kilianza 1893, na cha Saint-Jean-de-Maurienne 1907.

Kasoro hazikukosekana. Wakati wa baridi maji huganda juu milimani na mto ukapungua, ndipo yakahitajika mabwawa, kama la Mont-Cenis lililokamilika 1968. Moshi wenye florini nao uliunguza misitu na kudhuru ng'ombe, na wafugaji wakadai fidia kwa miaka mingi.

Kilichoipunguzia Maurienne faida yake ni nyaya. Sisi tunaopata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari, Unguja tangu 1980 na Pemba tangu 2010 kupitia Tanga, hatuhitaji maelezo marefu: umeme ukishaweza kusafiri, kiwanda hakilazimiki tena kuufuata mlimani. Vingi vya bonde lile vimefungwa. Cha Saint-Jean-de-Maurienne kingali kinayeyusha alumini.