Kununua nyumba ya rehani inayonadiwa na benki

Ndugu, umeuliza kama ni salama kununua nyumba ya Mukono, Uganda, ambayo benki inainadi kwa bei nafuu baada ya mwenyewe kushindwa kulipa mkopo. Inawezekana, lakini anza na karatasi. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa taarifa ya siku 45 za kazi ili alipe, kisha taarifa nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Kwa hiyo mwombe dalali nakala za zote mbili, pamoja na ripoti ya mthamini. Ikiwa ni nyumba ya familia, ulizia pia ridhaa ya mwenzi wa mkopaji, maana ikikosekana mnunuzi hujikuta mahakamani.

Upekuzi wa hati ufanye katika ofisi ya ardhi ya kanda, ukilinganisha namba za bloku na ploti na zile zilizotangazwa gazetini.

Hati ikiwa ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ulio hasa eneo la Buganda), usiharakishe hata kidogo, kwa sababu mwenye kibanja halali, yaani anayeishi au kulima kwenye ardhi hiyo bila kuwa na hati yake, analindwa na sheria, na kubadilika kwa mwenye hati hakumwondoi. Nenda bila dalali, umwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani. Migomba iliyopaliliwa vizuri nyuma ya nyumba iliyofungwa ina mwenyewe, na huyo ndiye wa kuzungumza naye kwanza. Tenga pia ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 na ada ya wakili wako mwenyewe, si yule wa benki.