Sabufa kwenye gari jipya: anza na redio

Ndugu, nimekuelewa: redio ya kiwandani imeungana na skrini na kamera ya nyuma, huwezi kuing'oa, lakini besi unaitaka. Iache hapo hapo. Amplifaya nyingi za sasa hupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya za spika. Tatizo ni kwamba redio nyingi za kiwandani hupunguza besi zenyewe kadiri unavyoongeza sauti, ili kulinda spika ndogo. Ikiwa yako ni hivyo, tenga kwanza hela ya prosesa ya sauti, yaani kifaa cha kurudisha besi iliyopunguzwa na redio, sabufa kubwa isubiri.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zipuuze, tazama RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Wati 500 za RMS kwenye amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) huvuta kama ampea 50, kwa hiyo waya wa kutoka kwenye betri nunua wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Mimi niliiweka kule nyuma kwenye buti. Waya ukachubuka njiani, nikanusa plastiki ikiungua nikiwa barabarani.

Waya hasi ufunge kwenye bodi, rangi ikwanguliwe kwanza. Usiufunge kwenye nguzo ya betri yenye sensa, utaivuruga hesabu yake ya chaji.

Kama gari ni la umeme au haibridi, waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea magari hayo.