Barua kwa mwanangu: Nguzo za Mwamba wa Rubini

Mwanangu mpendwa,

Picha zako nimezipata. Umeniuliza nani alizichonga zile nguzo za mawe za Mwamba wa Rubini, huko Ghuba ya Tikhaya, Visiwa vya Franz Josef, kaskazini kabisa mwa Urusi, na mbona nyingine zimesimama wima na nyingine zimepinda.

Hakuna aliyeshika tindo, mwanangu. Lile ni jiwe la basalti. Lilipanda kutoka chini ya ardhi likiwa uji wa moto, yaani lava, nyuzijoto zaidi ya 1,000, zama za Kretasia, miaka zaidi ya milioni 100 iliyopita. Na jiwe la moto likipoa, husinyaa.

Unalikumbuka lambo la babu yako lilipokauka? Ulikuwa unachuchumaa ukitia kidole kwenye nyufa za tope, ukibandua vigae kimoja kimoja. Tope lilipoteza maji, lava ilipoteza joto. Vyote vikanywea, vikapasuka. Ila ufa wa tope hauzami mbali. Ufa wa lava hufuata ubaridi unavyozama ndani, kidogo kidogo, husimama, huendelea. Nimeikuza picha uliyoipiga kutoka botini: ile mistari inayoikata nguzo kwa upana, kama pingili za muwa, ndipo ufa ulipokuwa unapumzika. Pande sita ndizo nyingi kwa kuwa nyufa tatu zikikutana kwa pembe sawa, mvutano hulegea vizuri zaidi. Hesabu, utaona pia zenye pande tano na saba.

Kupinda je? Nguzo huelekea upande joto lilikotorokea nje. Uso uliopoa ukiwa bapa, nguzo husimama wima. Ukiwa umejikunja, nguzo hugeuka nao. Zifuate kwa macho tu, zitakuonyesha.

Ndege waliokunyima usingizi kwa kelele zao ndio walioupa mwamba jina: Rubini alikuwa mwimbaji wa Italia. Nao wamepata makao kwa sababu nguzo zinakatika. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, jiwe likaachia. Panapobaki kichwa bapa, ndege mmoja hutaga yai lake moja juu ya jiwe tupu.

Kwa hiyo mkirudi, boti isikae chini ya ukuta ule. Mawe bado yanaanguka. Nipigie ule upande uliopinda, ukiwa mbali.

Mama yako