Ming Shi 2000S si nakala ya Fatboy
Wapo wanaosema mashine ya kunyolea ndevu ya Ming Shi 2000S ni nakala ya Gillette Fatboy, mashine ya zamani. Hapana, hiyo ya Kichina imeiga Merkur Futur ya Ujerumani, si Fatboy. Angalia inavyofunguka. Fatboy ukizungusha kitako cha mpini, milango miwili juu inajifungua kama mbawa, unaweka wembe. Ming Shi kofia yote, yaani kifuniko cha juu ya wembe, inabanduka, kama Futur. Halafu hesabu namba za kurekebisha ukali wa kunyoa: Fatboy ina 1 hadi 9, hizi mbili zinaishia 6.

Ninayo Fatboy na ninainyolea kila wiki. Chini ya kichwa kuna herufi na tarakimu ndogo zinazoonyesha ilitengenezwa lini. Yangu ni F2, yaani robo ya pili ya 1960.

Ukitaka mpya yenye milango ya kujifungua na namba za kurekebisha, iliyo karibu ni Rockwell T2, ingawa nayo ni 1 hadi 6.

Ila Ming Shi si mbaya, mradi uwe makini: kofia hushika kwa nguvu na huachia ghafla. Ibandue kwa kushika ncha zake mbili fupi, kamwe usishike upande wenye makali. Na anza namba 1, iliyo laini zaidi.