Fomu ya ufadhili usimwachie kijana wa saiba

Dada, umeniuliza kuhusu riba ya mkopo wa chuo kikuu, lakini hilo litangoja. Katika swali lako umetaja, kama jambo dogo tu, kwamba umemwachia kijana wa saiba, lile duka la intaneti mtaani Pipeline, kitambulisho chako, cha mama yako na nambari yako ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ili akujazie fomu ya ufadhili wa chuo kikuu kesho. Nenda ukavichukue leo.

Mimi nilimwachia wangu mwaka 2024, mpango mpya wa serikali wa kugharimia masomo ulipokuwa bado mgeni na hakuna aliyeuelewa isipokuwa yeye. Alitafuna miraa, akachapa kwa vidole viwili kwenye kibodi iliyofutika herufi, huku akiniapia kwamba serikali haimpi pesa mtu asiyeonekana kuwa na msingi. Kwa hiyo mahali pa mzazi akamweka mjomba wangu mwenye mshahara, ambaye tangu tumzike baba hajatununulia hata kiberiti, na meza ya mama ya sukumawiki akaiandika kuwa biashara ya jumla. Barua ya mfadhili aliyenilipia karo ya shule ya bweni hakuipakia, akisema si lazima. Barua hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba karo haikutoka mfukoni mwa mama. Bila hiyo, mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru aliyesoma bweni anaweza kuhesabiwa kuwa mtoto wa mwenye nazo.

Nikawekwa bendi ya tano, kundi la familia zenye kipato cha zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi. Usiku ule tulilala matajiri, na asubuhi mwenye nyumba akatugongea akidai kodi. Nacheka, kwa sababu nikiacha kucheka nitaanza kumsaka yule kijana. Mwaka huo, kwa kozi ya shilingi 200,000, familia ya bendi ya kwanza, ya wenye kipato cha chini kabisa, ilitakiwa kuchangia asilimia 5, yaani 10,000, na ya bendi ya tano asilimia 40, yaani 80,000. Fungu la sukumawiki mama huliuza shilingi 20; mafungu hayo yahesabu mwenyewe.

Rufaa ilikuwepo, lakini nilipotaka kuikata niligundua kwamba bingwa wetu wa saiba alikuwa amenisajilia akaunti kwa baruapepe yake na nambari yake ya simu, hivyo kila ujumbe wa uthibitisho uliingia kwake, naye alikwisha kufunga duka na kuhama bila kuaga. Nilipofanikiwa kuirudisha akaunti, muda wa rufaa ulikuwa umepita. Niliahirisha masomo, nikabeba mizigo soko la Gikomba hadi mfadhili wangu wa zamani aliponisaidia kulipa salio. Mahakama Kuu ilipoamua Desemba 2024 kwamba mpango huo ulikiuka Katiba, nilishangilia, ila deni langu halikuisoma hukumu hiyo.

Basi jaza mwenyewe, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa baruapepe yako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako na nenosiri asilolijua mtu yeyote, mchumba akiwemo. Ikiwa mama anafulia watu nguo, andika kwamba anafulia watu nguo. Umesema baba alifariki: pakia cheti cha kifo, wala usikubali mjomba yeyote akaingizwa mahali pake. Na kwa kuwa ulisoma kwa basari, ifuate barua shuleni hata kama mhasibu atakuzungusha. Kabla ya kutuma, msomee mama kila ukurasa kwa sauti. Mimi ningefanya hivyo, mama angecheka kusikia anauza jumla, na mambo yangeishia hapo.

Na ile riba uliyoiuliza: ya mkopo wa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukikwama kwenye fomu, HELB wako jengo la Anniversary Towers jijini Nairobi, na pia wana dawati kwenye kituo cha huduma za serikali, Huduma Centre, cha GPO. Fika mapema, na ubebe kalamu yako, maana ile ya mezani imefungwa kwa kamba na haiandiki.