Mzazi asisubiri wito wa kosa wala wa mchango

Huku vijijini Dodoma, mzazi akiambiwa "unaitwa shuleni" moyo unamlipuka. Anajua ni moja kati ya mawili: mtoto amekosa, au kuna mchango. Nimefundisha shule za msingi Bahi na Chamwino, na sasa nina watoto wangu wanaosoma mjini, kwa hiyo nimeshakaa upande wa mwalimu na upande wa mzazi. Nimeshawishika kabisa kwamba shule na familia huzoeana kabla ya tatizo kutokea, na wa kuanza ni mwalimu.

Njia niliyoona inafaa kuliko zote haigharimu zaidi ya salio la simu. Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu wa darasa awapigie wazazi wachache kila wiki, awape habari njema tu. "Shikamoo mama. Leo mwanao amesoma aya nzima bila kusaidiwa, nikaona nikwambie." Mara nyingi mzazi atanyamaza kidogo, kisha atauliza: "Haya mwalimu, na shida ni nini?" Mjibu kwamba hakuna shida, muage, kata simu. Siku utakayompigia kumwambia mtoto hajaonekana tangu juzi, atakusikiliza kama mtu anayempenda mwanawe. Wengine wataanza kupiga wao: "Mwalimu, leo kijana anachunga, mdogo wangu amesafiri, kesho anakuja." Taarifa ya namna hiyo inakusaidia kupambana na utoro kuliko barua kumi za wito.

Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine ajifunze pia salamu za pale alipo. Ukimwambia mzee wa Kigogo "mbukwa" kabla ya kumweleza habari za daftari, mazungumzo yanakwenda vizuri.

Jambo linaloniuma zaidi ni muda wa mikutano. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari na Februari watu wako shambani alfajiri, wanapalilia mtama, uwele na karanga. Ndipo shule nyingi zinapoitisha mkutano wa wazazi, Jumatano saa nne asubuhi. Wanakuja wachache, na ofisini inasemwa, "Wazazi wa hapa hawajali elimu." Hilo ni neno zito mno kumtupia mtu anayepalilia ili mtoto huyohuyo apate kula. Muulizeni mwenyekiti wa kitongoji siku inayowafaa watu. Mahali pengine ni Jumapili baada ya ibada, pengine ni jioni. Ukiwa karibu na Msalato usiweke mkutano Jumamosi, watu wako mnadani. Kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, kuna majira mengine kabisa ya kuvuna, na ni lazima kuyauliza.

Na watu wakishafika, msianze na fedha. Anzeni kwa kuwapa madaftari ya watoto wao wayashike, wapitie darasani, wakae kwenye madawati. Mwacheni mtoto amsomee mzazi wake pembeni, wawili peke yao, maana kumsomesha mtoto anayesuasua mbele ya kijiji kizima ni kumdhalilisha. Mambo ya michango yaje mwishoni, watu wakiwa wameshaona wanachokichangia.

Kuhusu michango, tuwe wakweli. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba serikali imebeba kila kitu. Nyaraka zilizofuata zilifafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa jukumu la mzazi, na kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Wazazi wasomewe hayo kwa lugha nyepesi. Kisha matumizi ya fedha, pamoja na ruzuku inayotoka serikalini, yabandikwe ubaoni mahali ambapo hata anayepita kuchota maji anayaona.

Uji wa shule unahitaji mpango wake. Shule ikidai debe la mahindi mwezi wa Februari, inadai kitu ambacho ghala la nyumbani halina, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya njaa. Kusanyeni Juni na Julai, mavuno yakiwa yameingia, na anayelima mtama alete mtama. Ufunguo wa stoo akae nao mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi wenzake, ahesabu madebe pamoja na mwalimu. Palipokuwa na utaratibu huo sikuwahi kusikia minong'ono kwamba walimu wanakula chakula cha watoto.

Watoto wengi wa vijijini wanalelewa na bibi, kwa sababu wazazi wametoka kutafuta kazi. Bibi hajui kusoma, na shule inamtaka asaini kazi ya nyumbani. Mpeni kazi anayoiweza. Mtoto amsomee kwa sauti, kisha amsimulie kwa Kigogo alichokisoma, bibi aulize maswali. Kondoa itakuwa Kirangi. Mtoto anayeweza kulieleza somo kwa lugha ya nyumbani amelielewa. Wapo walimu wanaowaambia wazazi waache kuongea lugha zao na watoto ili Kiswahili kikae vizuri. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anaweza kubeba lugha mbili, na bibi akinyang'anywa lugha yake hana tena namna ya kumsaidia mjukuu.

Wazazi wenzangu wa mjini, shida yetu ni nyingine. Tunarudi kutoka ofisi za serikali Mtumba au soko la Majengo jioni, na shule tunaijua kupitia kundi la WhatsApp. Kundi linafaa kwa matangazo. Lisitumike kuweka majina ya watoto na alama zao. Kama shule yenu inafanya hivyo, ongeeni na mwalimu mkuu kwa heshima. Ukiwa na lalamiko, anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kabla ya kupanda kwa afisa elimu kata. Na nenda angalau mara moja kwa muhula bila kuitwa. Muulize mwalimu mtoto anapenda nini darasani, nawe mwambie anachopenda nyumbani.

Kuna jambo moja la kulifuatilia sasa. Chini ya mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, elimu ya msingi ni miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamalizia la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba. Wote watahitaji nafasi za kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, yaani sare, madaftari na nauli au hela ya bweni, na nyumba nyingine zitakuwa na wawili. Kama shule yenu haijawaeleza, wazazi wapitie kamati ya shule na kumwomba mwalimu mkuu aitishe mkutano mapema, baada ya mavuno, wakati watu bado wana cha kuuza na cha kuweka akiba.