Kupasuliwa Ukiwa Bado Kwenye Kemo

Wanawake wengi wananipigia na swali lilelile: "Dada, daktari anataka nikatwe titi na dripu sijamaliza. Mwili utahimili kweli?" Ndiyo, unahimili, na kwa saratani ya titi ni jambo la kawaida. Mimi nilianza na kemo, yaani dawa za saratani za dripu, ili uvimbe usinyae, nikapasuliwa, kisha nikarudi kwenye kemo. Lakini upasuaji wa namna hii unataka wakati wake, na wakati huo unasomwa kwenye damu yako kuliko kwenye kalenda.

Dawa za kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani zimo humo, na zile za uboho zinazotengeneza damu nazo zimo. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe huwa zimeshuka kabisa. Ukipasuliwa hapo, kidonda kinaweza kutunga usaha na kugoma kufunga. Chembe za kugandisha damu nazo zikiwa chache, unaweza kuvuja damu nyingi mezani. Ndiyo maana baada ya dripu ya mwisho wapasuaji wengi husubiri wiki 3 au 4, wakati mwingine hadi 6. Zipo dawa zinazotaka nafasi ndefu zaidi, kwa mfano bevacizumab, kwa kuwa inazuia mishipa mipya ya damu ambayo kidonda kinaihitaji.

Mara ya kwanza niliahirishwa. Nilikuwa nimefunga kula tangu usiku, nimeshavaa gauni la kijani, daktari wa usingizi akaja na karatasi ya maabara: neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, hazijafika 1.5. Shangazi yangu akaangua kilio pale kando ya kitanda, akidhani madaktari wamenikatia tamaa. Daktari akavuta kiti, akamwonyesha ile namba na kumweleza kwamba wanasubiri zipande. Wiki iliyofuata zilipanda, nikaingia. Kwa hiyo ukiahirishwa, usikimbilie kwa mganga wala usiache matibabu. Uliza ni kipimo gani kimeshuka na utarudi lini kukirudia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni daktari wa saratani na mpasuaji wawe na taarifa moja. Kwetu Dar es Salaam ni kawaida kupata dripu hospitali ya saratani ya Ocean Road na kupasuliwa Muhimbili au kwingine, na faili haliendi lenyewe. Binti yangu alininunulia daftari la shule. Humo tuliandika tarehe ya kila dripu, majina ya dawa na majibu ya picha kamili ya damu, ile FBP. Kila daktari aliyelishika alilisoma hadi mwisho kabla hajaniuliza kitu.

Daktari wa usingizi mpe habari zote. Kama umepata doksorubisini, ile dawa nyekundu, mwambie, kwa sababu inaweza kudhoofisha moyo na huenda akataka ufanyiwe eko, kile kipimo cha picha ya moyo, kwanza. Mtajie deksamethasoni, ile ya kuzuia kichefuchefu cha kemo, aspirini, dawa za sukari na za presha. Mtajie pia mitishamba, hata kama ni tangawizi na kitunguu saumu unachokunywa kwa wingi kila asubuhi. Najua tunaona aibu kuyataja haya mbele ya daktari, ila baadhi huongeza kuvuja damu.

Kung'oa jino nako ni upasuaji. Usiende kwa daktari wa meno katikati ya mzunguko bila kumwuliza wa saratani. Ila dharura ni dharura: kidole tumbo kikipasuka hakuna wa kusubiri wiki 3, mradi tu waambiwe mapema kwamba uko kwenye kemo.

Baada ya upasuaji, inuka utembee mara wakikuruhusu, kwa sababu saratani, kemo na kulala muda mrefu vyote huchangia damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, rudi hospitali saa hiyohiyo. Nilirudi nyumbani na mrija wa kutolea maji, nimeufunga kwa pini kwenye kanga, na kila asubuhi tulipima mililita na kuziandika kwenye lile daftari. Nunua kipimajoto. Joto likifika 38, hata kama ni saa nane za usiku, nenda, na usimeze panadoli ya kulishusha kwanza.

Kemo hurejea kidonda kikishafunga vizuri, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Kabla hujatoka wodini, hakikisha unajua nyama iliyotolewa imepelekwa maabara ipi, nani atafuata majibu, na lini. Daktari wa saratani atayahitaji majibu hayo kuamua dawa zinazofuata, kwa hiyo siku ya kliniki uende nayo mkononi.